Pampu ya zege, kukodi au kuunda? Kisa cha slabu mbili kwenye mlima wa mawe

Kisa hiki kinahusu nyumba ya makazi jijini Mwanza, kwenye moja ya vilima vya mawe ambako gari huishia chini na kila kitu hupandishwa kwa kichwa. Taarifa za kumtambulisha mwenye nyumba, gereji na mwenye pampu zimeondolewa. Bei zote ni zile walizokubaliana wahusika wenyewe, katika shilingi za Tanzania.

Mazingira ya kazi

Nyumba ilichorwa iwe na slabu mbili. Ya kwanza ilikuwa sakafu ya ghorofa: mita za mraba 118, unene wa milimita 150, pamoja na boriti zake, jumla mita za ujazo 21 za zege. Ya pili ilikuwa paa la kukaa matangi, mita za ujazo 18. Msingi na ukuta wa kuzuia udongo vilikuwa vya mawe, hivyo zege lake halikuwa tatizo. Lilimwagwa kidogo kidogo kwa ndoo.

Tatizo lilikuwa kimo. Kiwanja kipo mita 11 juu ya barabara na slabu ya kwanza ipo mita 3 juu ya kiwanja, kwa hiyo zege lingepanda mita 14 kutoka mahali pa kuchanganyia. Njia ya mguu ina ngazi za mawe na kona mbili. Barabara yenyewe ina kalavati jembamba ambalo gari la zege la kiwandani lisingepita, kwa hiyo zege lilibidi lichanganywe palepale chini.

Mita za ujazo 21 za zege zina uzito wa tani 50. Karai la zege ambalo mtu hupanda nalo ngazi bila kuumia ni kama kilo 20, yaani safari 2,500 kwa slabu moja, zote ndani ya siku moja, kwa sababu slabu haitakiwi kulala nusu. Msimamizi wa saiti alihesabu vibarua 45. Kwa shilingi 25,000 kila mmoja na chakula cha 3,000, ingefika 1,260,000. Ndiyo iliyokuwa njia ya bei ndogo kuliko zote, na iliwekwa pembeni kwa hofu yenye msingi: kwa kasi hiyo kazi ingekwenda saa kumi au zaidi juani, zege la ukingo mmoja likiwa limeshaanza kushika kabla la jirani yake halijafika.

Hesabu ya mwanzo

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza, kukodi pampu ya kuburuzwa nyuma ya gari, yenye mabomba ya milimita 125. Hapakuwa na iliyokuwa huru karibu, hivyo ingeletwa kutoka mbali. Mwenye pampu alitaka 1,500,000 kwa siku (hata ukiitumia saa mbili), 1,800,000 ya kuileta na kuirudisha, 200,000 ya watu wake wa mabomba, na dizeli juu ya mteja, iliyokadiriwa 250,000. Jumla 3,750,000 kwa slabu moja. Kwa kuwa slabu mbili zingepishana miezi kadhaa, safari zingekuwa mbili: 7,500,000.

Njia ya pili ilitoka kwa ndugu wa mwenye nyumba, fundi chuma mwenye gereji, aliyezoea kukarabati haidroli (mitambo inayosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo) za malori ya kumwaga mchanga. Alikadiria kuunda pampu kwa 3,800,000. Kwenye karatasi hiyo ni nusu ya gharama ya kukodi, mashine inabaki kuwa yako, na majirani wanaojenga mlimani wangeikodi. Mwenye nyumba akakubali.

Linganisho hilo lilikuwa na kasoro ambayo itaonekana baadaye: upande mmoja kuliwekwa bei ya huduma iliyokamilika, upande wa pili bei ya vyuma tu.

Mashine iliyoundwa

Mchoro haukuwa wa kubahatisha. Silinda mbili za zege zenye kipenyo cha milimita 150 na mwendo wa milimita 600, moja ikivuta zege kutoka kwenye hopa (beseni la kupokelea zege) huku nyingine ikisukuma. Kila msukumo hubeba lita 10.6. Kwa misukumo 12 kwa dakika hupatikana mita za ujazo 7.6 kwa saa. Silinda haijai kabisa inapovuta, hivyo ukikata robo zinabaki kama 5.5, zinazotosha slabu ya mita 21 kwa nusu siku.

Kila silinda ya zege ilisukumwa na silinda ya haidroli ya milimita 80. Eneo la silinda ya zege ni mara tatu na nusu ya ile ya mafuta, kwa hiyo mafuta yakiwa na shinikizo la bar 120, zege hupata bar 34. Uzito wa zege lenyewe likisimama kwenye bomba ni bar 0.24 kwa kila mita ya kimo, hivyo mita 14 hula bar 3.4 tu, kinachobaki ni cha kushinda msuguano. Nguvu iliyohitajika kwenye mafuta ilikuwa kama kilowati 7, na injini ya dizeli ya silinda moja ya nguvu farasi 22, ya aina inayofungwa kwenye mashine za kusaga nafaka, iliimudu bila shida.

Kwa hiyo nguvu ilikuwepo. Wanaobishana kuhusu pampu za kuunda huanzia hapo na kuishia hapo, ilhali nguvu ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye valvu na kwenye bomba.

Valvu ni ile sehemu inayohama kutoka silinda moja kwenda nyingine ili zege lielekee bombani. Kwenye pampu ya kiwandani ni bomba lililopinda linalozunguka juu ya bamba gumu, likiwa na pete inayojisukuma yenyewe dhidi ya bamba hilo kila inapolika, ili uwazi usiwepo. Fundi alitengeneza yake kwa chuma laini cha milimita 12, ikihamishwa kwa mkono kwa wenzo mrefu, na uwazi kati ya pete na bamba ulikuwa milimita 3.

Bomba la kupandisha lilikuwa la maji, la inchi 3, vipande tisa vya mita 6 vilivyofungwa kwa nyuzi, na kona tano fupi za dukani. Kutoka milimita 150 za silinda hadi 75 za bomba, koni ya kupunguzia ilikuwa na urefu wa sentimita 20. Mashine haikuwa na uwezo wa kurudisha zege nyuma.

Majaribio

Jaribio la kwanza lilikuwa la maji. Yalipanda mita 14 na kumwagika juu kwa nguvu, watu wakapiga makofi. Halikuthibitisha chochote isipokuwa kwamba viungo havivuji maji. Maji hupita hata kwenye chujio la chai.

La pili lilikuwa la udongo wa saruji na mchanga, kipimo cha 1:3. Ulipanda vizuri. Hapa mashine ilionyesha kazi ambayo kweli inaiweza, na jambo hili lilikuja kuwa na faida.

La tatu lilikuwa la zege, na ndipo msimamizi wa saiti alipoweka sharti lililookoa slabu: mashine isiguse slabu mpaka isukume mita za ujazo 5 mfululizo bila kusimama, na zege la majaribio liende kwenye msingi wa ukuta wa kuzuia udongo, ambako likikatika halina madhara.

Lilikatika. Baada ya kama mita moja na nusu ya ujazo, geji ya mafuta ilipanda kutoka bar 50 hadi kugonga 120 kwa misukumo mitatu, valvu ya usalama ikaanza kupiga kelele, bomba likatulia. Kibarua mmoja akakimbilia kiungo cha kona ya pili akiwa na spana ya bomba. Msimamizi alimzuia kwa sauti. Bar 34 ndani ya bomba la inchi 3 ni msukumo wa tani moja na nusu kwenye kizibo; anayefungua hapo hufunguliwa yeye. Pampu ya kukodi ingerudisha nyuma misukumo miwili na shinikizo lingeisha. Hii haikuweza. Walizima injini, wakaachia mafuta ya haidroli, wakasubiri, kisha wakafungua kiungo cha chini kabisa karibu na pampu, mtu akisimama ubavuni na siyo mbele ya mdomo, wakiacha uzito wa zege lililo juu lijishushe lenyewe.

Ndani ya kona ya pili kulikuwa na kizibo cha nusu mita: kokoto zilizoshikamana, kavu, bila rojo la saruji kabisa. Rojo lilikutwa limechuruzika chini ya valvu. Sababu zilikuwa nne, na kila moja peke yake ingeweza kutosha.

Uwazi wa milimita 3 kwenye valvu uliruhusu maji na saruji kutoroka kila msukumo, kokoto zikibaki. Zege husafiri bombani kama kizibo kinachoteleza juu ya utando mwembamba wa rojo. Utando ukiisha, mawe hugusa chuma na kusimama.

Kokoto zilikuwa za kupondwa kwa mkono. Zinauzwa kama za robo tatu ya inchi, lakini kwenye lundo hukosi mawe ya milimita 30 na vipande bapa. Wazoefu wa pampu hutaka kipenyo cha bomba kisipungue mara tatu ya kokoto kubwa kama ni za mviringo, na mara nne kama zimepondwa. Jiwe la 30 linadai bomba la 120. Lilikuwepo la 75.

Mchanga ulikuwa msafi kupita kiasi. Kwa kawaida ya wajenzi hiyo ni sifa, lakini kwa pampu asilimia 15 hadi 30 ya mchanga inatakiwa ipite kwenye chekeche la milimita 0.3. Mchanga mnene usio na vumbi huachia maji.

Na koni fupi pamoja na kona za dukani zililazimisha mawe kugeuka ghafla. Kila kiungo cha nyuzi huacha ngazi ndogo ndani, na jiwe bapa hupenda ngazi.

Fundi alirekebisha. Alikata pete mpya kutoka kwenye bamba la springi ya lori, akaweka boliti nne za kukazia ili uwazi uwe chini ya milimita moja, akakunja kona mbili ndefu, akarefusha koni hadi mita moja, na kokoto zikachekechwa zibaki za nusu inchi. Marekebisho yakala 620,000. Safari hii mashine ilisukuma mita za ujazo 2.2 kisha ikapoteza nguvu upande mmoja: sili ya pistoni, iliyokatwa kutoka kwenye mkanda wa mpira wa kiwandani, ilikuwa imechanwa na mchanga. Silinda zilikuwa bomba la kawaida lisilosuguliwa ndani. Mikwaruzo ilionekana kwa macho.

Uamuzi wa kukodi

Wakati huohuo mafundi wengine walikuwa wameshafunga mabodi ya marini, jeki za chuma na nondo. Jeki na mabodi vilikodiwa kwa 45,000 kwa siku. Vilikaa siku 17 zaidi ya mpango vikisubiri pampu: 765,000. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na nondo zilianza kuvaa kutu ya juu.

Fundi aliomba wiki mbili nyingine za kuchonga silinda upya. Msimamizi alikataa kwa kusimama kwenye sharti lake: mita 5 hazijapita, slabu haiguswi. Mwenye nyumba hakufurahi, kwani alikuwa ameshatoa zaidi ya milioni 7, lakini alikubali kwamba fedha hizo hazirudi kwa kuhatarisha slabu. Pampu ya kukodi ikaagizwa.

Kabla ya kulipa kishika nafasi waliandikiana nani anabeba nini: zege likigoma kwa sababu ya mchanganyiko, gharama ni ya mteja, likigoma kwa sababu ya gasketi au mashine, ni ya mwenye pampu na siku haihesabiwi. Mabomba yaligongwa kwa nyundo ndogo moja moja. Mawili yaliyotoa mlio mwembamba kwenye mikunjo yalikataliwa, kwa kuwa ukuta wa nje wa kona ndio unaolika kwanza. Kila klampu ilikaguliwa gasketi na pini ya usalama. Gasketi iliyopasuka huvujisha rojo, na kinachofuata kinajulikana.

Siku ya slabu ya kwanza

Mabomba mita 52 yalipandishwa siku moja kabla. Yalifungwa kwenye nondo zilizotobolewa ndani ya mwamba, kwa sababu bomba huruka mbele na nyuma kila msukumo, na likiegemea kwenye mabodi huyasogeza. Juu ya slabu, mabomba yalilazwa kwenye matairi chakavu ili yasikanyage nondo.

Mchanganyiko ulibadilishwa. Badala ya 1:1.5:3 ya kawaida (saruji, mchanga, kokoto), kila mfuko wa saruji ulipata boksi 1.75 za mchanga na 2.75 za kokoto, boksi moja likiwa lita 35, na sehemu moja ya tano ya mchanga ikawa mchanga laini. Saruji ilibaki karibu mifuko 8 kwa mita ya ujazo. Ulaini wa zege ulipimwa kwa koni ya kushuka, yaani zege hujazwa kwenye koni, koni huinuliwa na kuangaliwa limeshuka kiasi gani; lililengwa lishuke milimita 100 hadi 120. Mpokea mpira, yaani anayeshika mpira wa mwisho wa bomba juu ya slabu, alikatazwa kuomba maji. Zege la pampu likiongezwa maji halitelezi zaidi, rojo na kokoto huachana.

Saa moja asubuhi bomba lililainishwa kwa mifuko mitatu ya saruji na mchanga wa 1:2. Udongo huo ulimwagwa kwenye shimo pembeni. Hautakiwi kuingia kwenye slabu. Wakati wa kuanza hakuna aliyeruhusiwa kusimama ndani ya mita chache za mdomo wa mpira, kwani hewa iliyonaswa hutoka kwa kishindo na mpira hupiga kama nyoka.

Pampu ile ingeweza kutoa mita za ujazo 30 kwa saa. Ilipata 4.5. Mashine tatu za kuchanganyia za mfuko mmoja, kila moja ikitoa michanganyiko 12 kwa saa ya lita 125, ndiyo kasi yote iliyokuwepo. Hapa ndipo hesabu nyingi za kukodi hupotea: unalipia uwezo wa mashine kubwa kisha unailisha kwa koleo. Saa nne mkanda wa mashine moja ulikatika na kasi ikashuka hadi 3. Mwendeshaji alifanya jambo sahihi: hakuimaliza hopa, kwani hopa tupu huvuta hewa. Alilibakiza zege juu ya silinda na kila dakika nne au tano akasukuma na kurudisha misukumo miwili ili lisitulie. Magunia yaliyoloanishwa yalifunika mabomba juani.

Kumwaga kulianzia ukingo wa mbali na kurudi nyuma, ili mabomba yapunguzwe na siyo kuongezwa. Slabu ilikamilika kabla ya saa saba mchana bila kiungo baridi hata kimoja, yaani mahali ambapo zege jipya hukutana na lililokwisha kushika. Ndani ya bomba la milimita 125 hubaki lita 12.3 kwa kila mita, yaani lita 640 kwa mita 52. Ziliingizwa kwenye hesabu ya mchanganyiko mapema. Mwishoni mpira wa sponji uliwekwa kwenye mdomo wa juu na pampu ikavuta nyuma, zege likashuka hadi hopa na kwenda kwenye jamvi (sakafu ya zege) la uani. Hewa ya kompresa haikutumika. Kwenye mteremko na watu chini ni hatari isiyo na sababu.

Slabu ya pili bila pampu

Miezi minne baadaye swali la pampu lilirudi. Safari hii msimamizi alitenganisha mambo mawili ambayo mwanzoni yalichanganywa: kubeba na kuharakisha. Zege likishachanganywa lina haraka. Mchanga, kokoto na saruji kavu havina.

Vifaa vya mita 18 vilipandishwa taratibu kwa siku tisa: mifuko 144 ya saruji, mita za ujazo 7.6 za mchanga na 15.1 za kokoto, jumla tani 42. Vibarua walilipwa 600 kwa mzigo wa kilo 25, mizigo 1,680: shilingi 1,008,000. Malundo yalikaa ardhini pembeni mwa nyumba kwenye ngazi mbili zilizozuiwa kwa mbao, siyo juu ya slabu ya kwanza. Saruji iliwekwa juu ya mbao chini ya turubai, mifuko isizidi kumi kwenda juu. Tangi la lita 5,000 lilijazwa. Zege lenyewe lilihitaji kama lita 3,400, zilizobaki ni za kuoshea na kumwagilia.

Mashine mbili za kuchanganyia zilifunguliwa, zikabebwa vipande na kufungwa juu. Winchi ilipandisha ndoo mita chache tu zilizosalia. Kasi ilikuwa mita 3 kwa saa na slabu ilikamilika kwa saa sita na nusu. Gharama zote za kupandisha, zikiwemo hizo 1,008,000, winchi, mashine, tangi na vibarua wanane wa siku hiyo, zilifika 1,838,000.

Walijiandaa pia kwa kukatika: ubao wa kizuizi ulikuwa tayari kusimamishwa wima katika theluthi ya kati ya upana kati ya boriti, ambako nguvu ya kukata slabu ni ndogo. Haukutumika.

Hesabu ya mwisho

Pampu ya kuunda ilimeza 6,400,000 badala ya 3,800,000: injini 1,400,000, silinda za haidroli 700,000, pampu ya gia 450,000, valvu ya haidroli 280,000, hosi na viungo 390,000, mafuta lita 60 kwa 480,000, silinda za zege, hopa na mabamba 520,000, mabomba 1,080,000, ufundi na kona 1,100,000. Makadirio ya mwanzo hayakuwa na mabomba, mafuta wala hosi. Ongeza marekebisho 620,000 na siku 17 za jeki na mabodi 765,000, inafika 7,785,000. Zilizorudi kwa kuuza injini na sehemu za haidroli ni 2,300,000.

Slabu ya kwanza ikabeba 3,750,000 ya kukodi, ya pili 1,838,000. Kama wangekodi mara ya kwanza na kutumia njia ya vifaa kavu mara ya pili tangu mwanzo, wangelipa 5,588,000 na kazi ingewahi.

Kilichofaulu, kilichoshindikana

Sharti la mita 5 liliwekwa kabla ya jaribio la zege, mtu akiwa hajachoka na hajatoa fedha za marekebisho. Lingewekwa baada ya zege kukatika, lingejadiliwa. Kupeleka zege la majaribio kwenye msingi wa ukuta kulifanya hasara iwe kama lita 400 badala ya slabu iliyokatika katikati, ambayo kuitoboa na kuirudia kungekula kuliko pampu zote mbili.

Kufunga mabodi na nondo kabla mashine haijapasi lilikuwa kosa la mpangilio, na ndilo lililoleta presha kubwa kuliko zote. Kutumia bomba la inchi 3 kwa kokoto za kuponda kwa mkono lilikuwa kosa la mchoro. Kosa la hesabu lilikuwa kubwa zaidi: pampu ingetumika siku mbili kwa mwaka mzima. Hakuna aliyegawa gharama kwa siku za kazi. Ingeonekana mara moja kwamba hata 3,800,000 ni karibu milioni mbili kwa siku, kwa mashine ambayo haijathibitishwa. Matumaini ya kukodisha kwa majirani hayakuwa na mteja hata mmoja aliyeweka jina.

Pampu ya kukodi nayo haikuwa chaguo bora kama inavyoonekana. Ilitumia asilimia 15 ya uwezo wake. Palipo na gari la zege linaloweza kuilisha, bei yake inaeleweka. Kwa mashine tatu za mfuko mmoja, unalipia hasa kimo na utulivu wa akili.

Ni lini kuunda kungekuwa na maana

Ile mashine, ikiwa na pete ya springi, ilitumika kabla ya kuuzwa kusukuma udongo wa saruji nyuma ya ukuta wa mawe, na huko haikugoma. Kwa udongo, au zege lenye kokoto zisizozidi milimita 10 kwenye bomba la 75, pampu ya gereji inawezekana, iwapo ina kazi ya wiki kadhaa na siyo ya siku mbili. Anayeitaka kwa kazi hiyo aanze na silinda zilizochongwa na kusuguliwa ndani, na boksi la maji nyuma ya pistoni la kuosha mchanga unaopenya. Valvu ya haidroli iwe ya njia mbili ili zege liweze kurudishwa. Viungo viwe vya klampu, siyo vya nyuzi, maana bomba litakaloziba litafunguliwa haraka, na la nyuzi halifunguki bila kulipinda.